Koti Hili Lisingoje Matanga

Evarista mama, rudishia dirisha, na wewe Sosthenes ongeza redio kidogo, hiyo kwaya iimbe kwa nguvu, kwa sababu mjomba wenu Jailos ameshuka Ipogolo kuninunulia machungwa na atarudi kabla hamjamaliza kunishangaa, na ninayotaka kuwaambia sitaki yeye ayasikie. Sogeeni hapa kitandani wote watatu. Happy, acha kulia mwanangu, utanifanya niamini kwamba ninakufa kweli.

Nimetembea sana mimi baba yenu. Nimelala Lusaka, nimelala Lubumbashi, na Durban niliagiza chai kwa Kiingereza changu nikaletewa supu ya samaki, nikainywa yote kwa aibu. Miaka ishirini na sita ya lori. Vyoo vya barabarani navijua kuliko mbunge anavyolijua jimbo lake. Leo figo zimegoma, nimelala hapa Kihesa na tumbo limejaa kama gunia la mpunga wa Madibira, wala si kifo ninachokiogopa. Namwogopa mtu anayeniletea machungwa.

Kila siku anakaa kwenye hicho kiti, ananimenyea, kisha ananiuliza kwa upole wa mzee wa kanisa, "Shemeji, kuna chochote umeandika?" Jana akaongeza, "Lile koti lako la safari, siku ya kuanua matanga nguo zikigawiwa, nitaomba nipewe mimi, liwe kumbukumbu." Nikamwambia halitamtosha, kitambi chake na changu ni mataifa mawili. Hakucheka. Alilitazama koti pale msumarini mpaka jasho likanitoka.

Basi sikilizeni, na msinikatize, pumzi yenyewe ni hii mnayoiona.

Mnakumbuka nilivyoacha lori ghafla, mwaka juzi, nikaenda kusomea usaidizi wa kisheria, mkanicheka kwamba baba anataka uwakili uzeeni? Nami nikacheka nanyi. Ukweli ni kwamba mjomba wenu alikuwa msimamizi wa yadi ya malori pale Makambako, na siku moja nilipopita na kontena la sabuni la Zambia, aliniomba, kwa jina la marehemu mama yenu, dada yake, nimbebee wageni wachache hadi karibu na Tunduma. Akakata sili, ile ya chuma yenye namba inayofunga mlango, wakaingia vijana kumi na mmoja kutoka Ethiopia, akafunga kwa sili nyingine. Na sisi madereva tuna utaratibu wetu: sili ikikatwa njiani, aliyeikata anaandika jina lake nyuma ya hati ya mzigo, dereva asije akaitwa mwizi. Nikamsogezea karatasi bila kufikiri. Naye, kwa mazoea ya miaka yote ya yadi, akaandika bila kufikiri: imefunguliwa na Jailos, tarehe, saini. Vipande vya sili nikavitia mfukoni.

Tulipopita Igawa nikasikia wanagonga. Kwanza kidogo, kama mzigo unaosogea, halafu kwa viganja. Wanangu, mimi ninayesimamisha lori kumpisha kuku, niliongeza redio. Nikaimba nayo. Chimala naimba, Uyole naimba, kwa sababu mizani ina askari, na nilimwogopa askari kuliko nilivyowahurumia wale waliokuwa mgongoni mwangu. Tulipovuka Mbalizi kugonga kukaacha, na nilifurahi. Hilo ndilo ninaloshindwa kulitubu: kwamba nilifurahi.

Mbele ya Mlowo, kwenye pori, watu wa Jailos wakafungua. Tisa walitoka wakitambaa. Wawili hawakutoka. Wanane wakaswagwa msituni, nami nikawasha lori nikaondoka. Mmoja, Lodamo, alikataa kumwacha kaka yake, mmoja wa wale wawili, pale chini walipolazwa, na hapo ndipo polisi walipomkuta, akashitakiwa kuingia nchini bila kibali.

Wakili Tumpe wa Mbeya aliponichukua nimsaidie kutembelea wahamiaji gerezani, mtu wa kwanza aliyenikalisha mbele yake alikuwa huyo. Hanijui sura, kontena halina dirisha. Kiswahili amejifunzia humo ndani, ananiita baba, na akieleza safari ile anagonga meza kwa kiganja, hivi... hivi. Nimempelekea blanketi, nimempelekea Biblia, ukweli sijampelekea. Tumpe anasema huyu si mhalifu, ni mtu aliyeuzwa. Hakimu anauliza, aliyemuuza ni nani? Lodamo hana jina la kumpa. Ninalo mimi. Shauri linasikilizwa Jumatatu, na bila jina hilo yeye anafungwa kisha anarudishwa kwao, na mjomba wenu anaendelea kujaza makontena.

Yule mama aliyekuja Jumapili, mkadhani ni wa maombi, ndiye Tumpe. Aliandika maelezo yangu yote, nikaweka saini na dole gumba. Akaniambia maandishi ya mtu aliyekufa yanaweza kupokelewa mahakamani. Nikamwahidi nitajitahidi nisipone. Lakini karatasi peke yake wataiita homa ya mgonjwa. Inataka ile sili na ile hati, navyo vimo ndani ya bitana ya koti lile, nilivishona mwenyewe, ndiyo maana mshono umepinda kama barabara ya Kitonga. Sikumpa siku ile. Niliona akiondoka navyo, ninyi mtabaki kuwa watoto wa mtu aliyeongeza redio.

Mtabaki hivyo. Nisameheni.

Nyumba hii ni yenu watatu, isiuzwe, na msimamizi wa mirathi ni Evarista, si mjomba. Tumpe ana maandishi. Shamba la Madibira alime Sosthenes, na mtu akija kukulimia, awe wa Burundi au wa Malawi, usimshikie kitambulisho chake hata siku moja.

Koti lisingoje matanga. Evarista, litungue ulivae. Hivyo hivyo, acha likuburuze. Pita mlango wa nyuma, panda basi la Mbeya la mchana huu, umkabidhi Tumpe mkononi mwake. Kisha mwende naye gerezani kwa Lodamo, umwambie dereva alikuwa nani. Akitema mate, jifute na mkono wa koti. Akiuliza kama nilisikia, usinitetee mama. Mwambie alisikia.

Mtaogopa. Jailos atasoma wasifu wangu kaburini kwa sauti nzuri, na ukoo utasema mmeuza damu yenu. Ogopeni, lakini muwe mnatembea huku mnaogopa. Mimi niliogopa nimekaa kwenye usukani. Mungu awape... awape masikio mepesi kuliko ya baba yenu, na mikono isiyochelewa. Nimewabariki. Lodamo naye... mhesabuni humo.

Ameshatoka? Nimelisikia geti la nyuma. Vizuri. Sosthenes, niinulie mto... hapo.

Nani huyo anagonga? Ni yeye... namjua kwa funguo zake. Happy, usiongeze redio. Izime. Izime kabisa, mwanangu, nisikie. Mtu akigonga... awe nani... nenda kafungue.