Beki Aliyekaa Mbali na Mkwewe

Kwenye basi la Bordesley Green nilikaa nyuma ya watu wawili wasiojuana, mama Mkisii mwenye sare ya kutunza wazee na mzee wa Unguja mwenye kofia. Mama alikuwa anamwonyesha picha kwenye simu.

"Huyu ni Cosmin, Mromania, ameoa Moraa wangu. Baba yake alichimba makaa ya mawe. Yeye akacheza beki kwao, akaenda Uturuki, akamalizia hapa Birmingham."

"Kafunga mabao mangapi?" mzee akauliza.

"Hata moja."

"Basi bi mkubwa, wajisifia nini?" Mzee huyu bila shaka alicheza mbele, au alitamani.

"Ati nini? Kazi ya beki ni wengine wasifunge! Alivunjwa pua akizuia bao. Uwanjani nilimshangilia mpaka sauti ikaisha."

"Na akija nyumbani wamwambia nini?"

"Simwambii kitu. Kwetu Kisii mimi na mkwe wangu hatushikani mikono, hatukaribiani. Ni heshima."

"Kwetu mkwe hukubusu mkono. Maskini, mtoto wa watu, ayaelewa hayo?"

"Kuliko watoto wangu!"

Basi likasimama karibu na hospitali. Kwenye mvua alisubiri mwanamume mrefu, pua imepinda. Alipomwona mama akishuka, aliuweka mwavuli wake kwenye benchi ukiwa wazi, akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akalowa.

Mama aliuchukua bila kumtazama. Aliyemtazama, kupitia dirisha, ni mzee wa Unguja.