Mapokezi: Mama Aliyekataa Wageni Walale Hotelini

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa nne wa fundi wa reli na mkewe mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni. Walikuwa tisa mle ndani, na bado binamu akibisha hodi alijibiwa karibu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1969 na sekondari 1973, kisha akasomea ukarani. Mwaka 1976 aliajiriwa mapokezi katika hospitali ya mji, akakaa kwenye dirisha lile hadi alipostaafu mwaka 2016. Hata mtaani aliitwa Mapokezi.

Mumewe ni fundi redio. Mama alimpelekea redio, ikapona siku ileile, lakini fundi akamrudisha mara tatu akidai kipuri hakijafika. Mara ya nne mama alimuuliza, "Kaka, unasubiri kipuri au unanisubiri mimi?" Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Tamasha la ngoma na muziki wa asili wa mataifa lilipoanza mjini, kiangazi cha 1991, wageni walilazwa madarasani. Bomba la shule likapasuka. Mama, mjumbe wa kamati, akachukua waimbaji sita akawalaza sebuleni kwake. Asubuhi wakafanya mazoezi ya wimbo wa maombolezo wa kwao. Majirani waliposikia sauti zile wakaja mmoja mmoja, wamejitanda, nyuso chini. Mzee mmoja akaanza kupanga viti uani.

"Pole, mwenzangu. Ni nani?" aliuliza mama wa nyumba ya pili.

"Hakuna aliyekufa, dada. Wanafanya mazoezi. Ingieni mnywe chai."

"Mazoezi ya kulia?"

Walicheka mpaka chai ikapoa. Lakini wimbo uliporudiwa, yule mama wa nyumba ya pili, aliyemzika mama yake Aprili ile, alilia pamoja nao katika lugha asiyojua hata neno lake moja. Kiangazi kilichofuata alikuwa wa kwanza kubisha hodi: "Mapokezi, na mimi nipe wawili." Tangu hapo wacheza ngoma wa tamasha letu wamekuwa wakilala majumbani mwetu.

Wapo wanaoamini kwamba mataifa yatapatanishwa na hotuba. Mama aliamini foleni ya asubuhi mbele ya choo kimoja. Mumewe alinung'unika kila Julai: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wana wiki nzima, sijaona hata aliyeshika ufagio." Mama alimjibu, "Wewe mwenyewe ufagio umeushika lini?"

Mwaka juzi figo zake zilianza kudhoofika. Mei mwaka huu kamati ilikuja kando ya kitanda kumweleza, kwa upole, kwamba wageni watapelekwa hotelini, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuzungukia nyumba zote zile.

"Wakilala hotelini watakuwa watumbuizaji," alisema. "Tutawapigia makofi, basi. Wakilala kwetu watajua hata tunavyokoroma."

"Mama, wewe pumzika kwanza," mwenyekiti akamsihi.

"Nitapumzika. Nyie ndio mnaotaka kupumzika mapema."

Jambo hilo lilimkosesha usingizi kuliko maumivu. Alifariki Jumatano, tarehe 18 Juni, mumewe akiwa amemshika mkono, kabla uamuzi haujafikiwa.

Ijumaa kamati ilikaa kupiga kura. Mzee wake, ambaye hajawahi kuhudhuria kikao chao hata kimoja, aliingia, akavua kofia, akasimama karibu na mlango.

"Kwangu leteni wanne," alisema. "Kupika sijui. Watapika wenyewe."

Kisha mama wa nyumba ya pili akasema, "Kwangu watatu. Na hao wa mzee watakula kwangu, asije akawaua." Wengine wakafuata. Kura haikupigwa.

Mama ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na watu wa mataifa mengi wanaomwita mama kwa matamshi yao. Wageni wanafika tarehe 11 Julai. Mwenye nafasi, hata ya mtu mmoja, amwone mzee baada ya mazishi.

Sasa apumzike kwa amani. Vitanda tutatandika sisi.