Wenceslas Losala wa Mlango wa Pili

Ndugu, majirani, na ninyi wenye bunduki mliosimama pale njiani, tunawaomba dakika chache tu. Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1964, ni papa Wenceslas Losala, baba yetu sote.

Alizaliwa Opala, kando ya mto Lomami, tarehe 14 Machi 1921. Alisoma miaka sita kwa mapadri wa palepale. Mwandiko wake ulisifiwa. Kuimba, jamani, walimwomba anyamaze.

Mwaka 1943 aliingia kazi katika depo moja ya mizigo hapa Kisangani, ukingo wa kushoto, karibu na reli ya Ubundu. Alianza kwa kubeba magunia, na mwaka 1957 akawa mkubwa wa sakafu, msimamizi wa wabebaji wote. Kila Januari alizunguka depo nzima na chaki nyekundu, akisimama kila kona na kujiuliza: lori likitokea huku, mtu aliye pale ataliona? Akiona hatari, alichora mstari. Wakubwa walimcheka. Wacheke basi! Katika miaka yake hakuna mbeba mzigo aliyegongwa.

Mlango wa pili ndio uliomnyima raha. Malori yaliingia pale kinyumenyume, kati ya ukuta na rundo la magunia ya mchele. Juni 1960, uhuru ukiwa mlangoni, alimwandikia direkta: “Mtu atakufa hapa. Fungueni mlango wa nyuma, malori yaingie huku yatokee kule.” Direkta alikuwa anafunga masanduku ya kurudi kwao. Aliyemfuata alisema tutaona.

Alimwoa mama Pélagie tarehe 9 Agosti 1947. Siku ya arusi alishuka kwenye lori la wageni, akatembea nyuma yake mpaka likaegeshwa vizuri. Pélagie, na shela yake kichwani, akamwuliza: “Wenceslas, naolewa na mutu ao na honi?” Walicheka, na wakaishi vizuri.

Agosti hii waasi wakachukua mji na depo. Komanda wao akapanga friji na vitanda vyake mbele ya mlango wa nyuma. Madereva wao walikuwa wamepewa dawa ya vita ya kuzuia risasi, na dawa ile inakataza kugeuka nyuma. Anayegeuka, risasi itampata. Wenceslas alikwenda kuomba vitu viondolewe. Komanda akamwambia akirudi na maneno hayo hatatoka tena.

Basi akapatana na Nicolas, dereva wao mmoja, aliyemwita tonton, yaani mjomba.

“Tonton, miye siwezi kuangalia nyuma. Dawa itaharibika.”

“Bon. Endesha polepole. Nikipiga filimbi, unasimama. Kelele ingine usisikilize.”

Wiki tisa mambo yalikwenda vile. Lakini tangu mvua za Septemba kifua kilimshika, akakohoa mpaka akainama. Pélagie alimsihi alale nyumbani. “Nani atasimama pale?” akajibu.

Jumanne tarehe 13, saa nne asubuhi, mbeba mzigo mmoja alipita kati ya lori na ukuta. Wenceslas aliweka filimbi mdomoni, kikohozi kikamkamata. Akamsukuma yule mtu pembeni, na lori likambana yeye. Watu walipiga kelele. Nicolas alisikia, ila alikuwa anangoja filimbi. Wenceslas alifariki hospitalini Alhamisi, saa nane mchana.

Nicolas yuko hapa. Jeneza lilipofika sote tuligeuka, yeye hakugeuka. Analia akiangalia mbele. Hatumchukii, ila kumtazama kunatuuma.

Marehemu ameacha mjane wake, mama Pélagie. Watoto watatu, Colette, Dominique na Pierre. Na mdogo wake Hilaire, ambaye komanda alimwita jana kwa jina: Jumatatu, saa moja asubuhi, asimame mlango wa pili. Friji na vitanda bado viko palepale.

Mungu ampumzishe Wenceslas kwa amani. Na Hilaire, tumwombee angali hai.