Kiponda Chengo, Kipa Aliyeogopwa

Wazee wetu, majirani wa Mkwajuni na wageni mliotoka Likoni, asanteni kwa kuja. Mimi ni Kafedha, kifungua mimba wa marehemu. Sauti yangu ikikatika nivumilieni. Naogopa, na sababu mnaijua.

Marehemu Kiponda Chengo alizaliwa hapa Mkwajuni, bara ya Kilifi, tarehe 9 Aprili 1955. Baba yake alipopata kibarua bandarini, familia ilihamia Mtongwe, na huko ndiko alikosoma hadi darasa la saba. Alikuwa mtoto mwoga. Aliogopa mbwa, radi, hata mwalimu wa kuimba. Wenzake walimweka golini kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kukaa huko.

Mwaka 1974 aliajiriwa bandarini kama karani wa mizigo, akaanza kudakia timu ya wafanyakazi. Miaka mitatu baadaye aliitwa timu ya taifa, akalinda lango lake kwa miaka kumi: Kampala, Lusaka, Kairo, hadi Lagos. Alidaka kwa mikono mitupu, na mikono yenyewe ilitoa jasho kila alipoogopa. Kwa hivyo kabla ya penalti aliinama, akachota udongo mstarini, akausugua viganjani huku akinong'ona sala kwa Kigiriama. Kule Lusaka aliokoa penalti mbili, na kesho yake gazeti likaandika kwamba Kenya imeleta mganga golini. Wenzake walimuuliza mbona hakanushi.

"Mwacheni mpigaji naye aogope," alijibu. "Mimi nimechoka kuogopa peke yangu."

Watu walicheka, naye akacheka. Washambuliaji wakawa wanapaisha mipira kwa hofu, na sisi watoto tulitamba nalo shuleni.

Alifunga ndoa na mama yetu, Josephine, huko Likoni tarehe 12 Desemba 1981. Siku ya posa, babu mzaa mama alimuuliza mbele ya wazee kama ni kweli ana dawa. Marehemu alimwonyesha viganja vilivyolowa. "Dawa yangu ndiyo hii, baba. Nilipokuona tu, jasho likanitoka." Akapewa mke.

Alipostaafu mwaka 2010 alirudi hapa na mama, wakapanda mikorosho na kuishi vizuri na watu. Nywele zake zikawa nyeupe, na hakuna asiyejua hapa jinsi mvi zilivyogeuka hatia katika vijiji vyetu. Mwaka 2021 mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Mtu mmoja, sitamtaja, akakumbusha habari ya Lusaka, na lile tulilolichekea miaka yote likawa ushahidi wa uchawi. Kalama, mtoto wa kaka yake, alimpigia simu adhuhuri: "Ami, leo usilale hapo. Washakubaliana kukuua." Marehemu na mama waliondoka na nguo walizovaa.

Alikaa kwangu Mtongwe miaka minne. Alipaka nywele rangi nyeusi na hakuketi karibu na dirisha. Mlango ukibishwa, alitulia tuli mpaka nimwambie ni nani. Mtu aliyesimama mbele ya maelfu Kairo alikuwa akimwogopa muuza maziwa, na iliniuma kumwona hivyo. Shinikizo la damu likampanda, akapata kiharusi mwezi wa Septemba, na tarehe 6 Novemba 2025 akafariki hospitalini, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama.

Aliomba azikwe hapa, kando ya baba yake. Sisi watoto tulikataa. Tulishaanza kutafuta kaburi Likoni. Mama akasema, "Mkimzika ugenini, nanyi mtakuwa mmekubali kwamba alikuwa mchawi." Basi tukaja.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, yaani mimi, Chengo, Nicanor na Mapenzi, pamoja na wajukuu tisa. Mama harudi nasi. Amesema atakaa kwenye nyumba yake, karibu na mumewe. Ana miaka sitini na minane, na mvi zake mnaziona. Tumembembeleza tukashindwa. Kesho magari yetu yataondoka, naye atabaki nanyi.

Baba yetu hakuna awezaye kumdhuru tena, Mungu ampumzishe. Mama naye, majirani zetu, tunawasihi: mwacheni alale kwa amani, na asubuhi aamke.