Siku Nilipoanguka Luvungi

Bwana wetu na asifiwe, ndugu zangu. Miye ni Riziki wa hapa Kimanga, mnaniona kila Jumapili kwenye kwaya. Leo nawaambia jambo nililowaficha miaka tisa. Nina kifafa.

Kilinianza nikiwa darasa la sita ya primeri. Mama alinipeleka kwa daktari, nikapewa vidonge vya kumeza kila siku. Nilivificha ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Nilipokosa shule nilisema ni malaria. Ndugu zangu, malaria zangu zilikuwa nyingi mno.

Chuoni nilisomea afya ya jamii. Mwaka wa mwisho mwalimu wangu alinipa utafiti: mafundisho juu ya kifafa yanazifikia familia namna gani? Nilitaka kukataa, lakini ningetoa sababu gani? Nikaandika maswali yangu, nikaenda Luvungi na wasichana wawili wa darasa letu. Tulipanga chumba kimoja. Niliogopa wasije wakaona vidonge, basi kopo nililiacha nyumbani, hapa Uvira. Nilijiambia siku nne si kitu.

Siku ya tatu nilifika kwa Mama Nabintu, mjane anayelima mihogo. Majirani walikuwa wameniambia binti yake anaanguka.

"Hapa hakuna mtoto wa hivyo," akanijibu. "Waulize wengine."

Nyuma ya pazia nilisikia mtu anakohoa. Nilimwomba anijibu tu kama mzazi yeyote, akakubali kwa shingo upande. Nikasoma: "Ukimwona mtu ameanguka kifafa, utafanya nini?" Sikumbuki alijibu nini. Nilianguka palepale.

Nilipofungua macho nilikuwa nimelazwa ubavu juu ya mkeka, kitenge kimekunjwa chini ya kichwa. Majirani walisimama mbali, wakisema mate yangu yataambukiza. Mama Nabintu alikuwa ananipangusa mdomo kwa mkono wake mtupu. Karibu naye alikaa msichana wa miaka kama kumi na minne, ameokota karatasi zangu zote.

"Pole, mwanangu. Usiamke bado."

"Mama, umejuaje kunisaidia?"

"Huyu Furaha wangu iko vilevile," akasema polepole. "Na weye unasoma chuo na ugonjwa huu? Walimu wako wanajua?"

Neno malaria lilishafika mdomoni. Bwana alinizuia, nawaambia kweli. Nikasema, "Hawajui. Ni mama yangu tu anayejua. Dawa ninazo, nimeziacha nyumbani kwa kuona haya."

Furaha akauliza, "Kumbe iko dawa?"

Ndugu zangu, swali hilo lilinichoma. Nyumba ile haikuwa na redio, na hakuna aliyewahi kuwaambia. Mimi niliyejua nilikuwa nimekaa mbele yao na kalamu, nikiwauliza kama wamesikia.

Nililia, kisha nikawaeleza yote ninayoyajua. Wenzangu walipokuja kunichukua niliwaambia nao. Mmoja alikasirika. "Ungetuangukia njiani, tungefanya nini? Tufundishe." Nikawafundisha.

Kesho yake tulikwenda kituo cha afya, Mama Nabintu, Furaha na mimi. Majirani walitoka milangoni kutuangalia. Mama Nabintu aliwasalimia mmoja mmoja. Muuguzi alimchunguza Furaha, akamwanzishia vidonge, na mimi akanipa vya kunifikisha nyumbani.

Habari ya siku ile niliiandika katika kazi yangu. Nilipoisoma mbele ya walimu, mmoja akauliza, "Huyu mtafiti aliyeanguka ni nani?" Nikajibu, "Ni mimi, mwalimu." Akafungua ukurasa mwingine. Nilipita mtihani. Furaha amerudi shuleni. Huanguka mara mojamoja, lakini mama yake amemwonyesha mwalimu la kufanya.

Ugonjwa ninao bado, na dawa nameza. Uongo ndio Bwana alioniondolea, na namshukuru kwa hilo kila asubuhi. Nawashukuru nanyi mlioniombea bila kujua mnaombea nini.

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayeanguka, mwamini Mungu, usimfiche mtu huyo. Baada ya ibada nitasimama pale mlangoni. Njoo uniambie jina lake tu, na kesho tutakwenda wote kwa daktari.