Mwalimu Qiao Aliyekataa Kutoka Shimoni

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Mwalimu Qiao Shuyun anastaafu tarehe 30 Juni. Idara imeniomba niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajaribu, ingawa nina hasira.

Alifika chuoni kwetu hapa Anyang, China, mwaka 1988, hodari wa kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye magamba ya kobe, ambayo wafalme wa Shang, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, waliyatumia kuwauliza wahenga wao habari za mvua, vita, hata jino linalouma. Wanafunzi tulimwogopa. Ukisema “labda” darasani, alikujibu: “Labda ndiye nani? Mlete nimuulize mwenyewe.”

Mwaka 1996 wajenzi wa hoteli walikuta magamba kwenye shimo la msingi. Sheria ilitaka kazi isimame, haikusimama. Mwalimu Qiao akashuka shimoni na mwiko wake, akachimba siku tatu kwa mikate ya mvuke na chupa ya maji moto.

“Shangazi, toka bwana, tutakufukia!” msimamizi alifoka.

“Nifukie! Wenzangu watanifukua, na jina lako wataliandika.”

Siku ya nne ikaja ruhusa ya kumwaga zege, imetiwa saini na mkuu wetu wa idara wa wakati ule, Lü Zhenbang. Qiao alitoka na vipande arobaini na kimoja. Vilivyobaki vimelala chini ya hoteli hadi leo.

Lü alivitolea kitabu vipande hivyo. Jina la Qiao halimo hata kwenye shukrani. Alipolalamika, alitupwa ghalani miaka kumi na mmoja apange masanduku. Sisi tuliojua tulikunywa chai yetu, tukanyamaza. Nami, niliyekuwa nimeshaajiriwa idarani, nilikuwemo.

Huko ghalani ndiko alikobaini kwamba sentensi iliyompa Lü tuzo ilisomwa kwenye vipande vya kobe wawili tofauti, vilivyogundishwa vikawa gamba moja. Aliandika kurasa sita, bila tusi hata moja. Tuzo haikurudishwa, ila kitabu kile hakifundishwi tena.

Juzi ofisi ilitaka nifute habari za shimo na ghala, eti sherehe isiharibike. Nikampelekea Mwalimu mwenyewe andiko hili aamue. Alisoma amesimama, akasahihisha mwaka mmoja, akanirudishia.

“Umechelewa miaka ishirini na minane,” alisema. “Chapisha.”

Asante, Mwalimu, na utuwie radhi. Tunakuombea afya, na ustaafu wenye amani ambayo sisi wenzako hatukukupa.