Bwana Udongo na Mikanda Aliyoifukia

Wifi yangu ameniomba niandike kwa upole. Nimejitahidi, ila marehemu mwenyewe hakunirahisishia kazi. Mwishoni nina ombi, kwa hiyo tafadhali msiondoke mapema.

Marehemu kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Udongo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe mkunga. Wa pili na wa mwisho ni mimi. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari mwaka 1975. Mwalimu wake wa sayansi aliandika kwenye ripoti: "Ana akili, lakini muda wote yuko shimoni." Ripoti hiyo tunayo.

Mwaka 1977 aliajiriwa kama fundi katika maabara ya kusafisha filamu. Dawa zilizokwisha kutumika zilimwagwa mtaroni nyuma ya jengo, na yeye ndiye aliyeona nyasi za pale zimekauka, kisha vyura wakaisha. Alimwandikia mkuu wake barua tatu. Ya nne, ya tarehe 2 Machi 1986, ilikuwa ya kuacha kazi. Tangu hapo alipiga filamu zake mwenyewe, akazisafisha kwa maji ya majani yaliyochemshwa, ndani ya sufuria zangu, na nyingine alizifukia ardhini miezi kadhaa ili mvua, chumvi na wadudu viitafune picha vipendavyo. Ukimuuliza filamu inahusu nini, alijibu, "Nyie wote mnaipiga picha ardhi. Mimi naiacha iseme yenyewe." Basi ilisema madoa. Tulikaa dakika arobaini tukitazama madoa. Wageni walisafiri kuja kuyaona wakatoka wanafuta machozi, mimi nilisinzia.

Tarehe 19 Desemba 1987 alimwoa mwalimu wa hesabu, mwanamke mwenye subira kupita kiasi. Kamera ya harusi aliishika bwana harusi mwenyewe. Bibi harusi anaonekana kuanzia magotini kwenda chini, akikanyaga tope. Wifi anaupenda mkanda ule, sijui kwa nini.

Sasa nifike kwenye lililotukosanisha. Mama yetu alipigwa filamu mara moja tu maishani, dakika nne, akianika nguo huku akimcheka mwanawe mwenye kamera. Hakuna nyingine. Mwezi Mei 2021, miaka sita baada ya Mama kufariki, kaka aliufukia mkanda ule nyuma ya nyumba, bila kuniuliza. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Mama mwenyewe yuko ardhini," akaniambia. "Picha yake inafanya nini huku juu?" Kwa hasira niling'oa vigingi vyote alivyochomeka kuwa alama ya kila mkanda uliofukiwa, sitini na kimoja, nikavifanya kuni. Nilidhani namkomoa. Kumbe nilikuwa najikomoa mwenyewe.

Mapafu yalianza kumsumbua Januari 2023. Daktari alimkataza vumbi. Wiki hiyohiyo tulimkuta amelala kifudifudi bustanini, eti anasikiliza. Wodini nilimuuliza mkanda wa Mama uko wapi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mdogo wangu, si uling'oa wewe? Hata mimi nilikuwa nategemea vile vijiti."

Nililia, nikamwomba msamaha. Akanishika mkono. "Ukichimba, ukikaribia weka jembe chini. Tumia vidole."

Alifariki tarehe 11 Machi 2024, saa nne asubuhi, mimi na wifi tukiwa kando yake. Nilimpenda sana, na alinichosha sana.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu wanne, na dada huyu anayewasomea.

Ombi langu ni hili. Tukishamfunika, mliochimba kaburi msirudishe majembe stoo. Mvua zimekaribia, uwanja wa nyuma ya nyumba ni mkubwa, na mama yangu yumo humo mahali fulani, anaanika nguo na kucheka. Yeye kaka apumzike kwa amani. Sisi tuanzie upande wa tangi la maji.